Hospitali Ikikusomesha: Mabinti wa Masasi na Newala na Kazi ya Eksirei



Picha ya eksirei inayokumbukwa kuliko zote duniani ni ya mkono wa mke wa mtu. Tarehe 22 Disemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, Profesa Wilhelm Conrad Röntgen alimwomba mkewe, Anna Bertha, aweke mkono juu ya bamba la picha na atulie kwa robo saa hivi. Bamba liliposafishwa, mifupa ya vidole ilionekana mmoja mmoja, na kwenye kidole kimoja ilikaa pete ya ndoa. Wiki chache baadaye picha ile ilikuwa imeshazunguka Ulaya nzima. Mwaka 1901 Röntgen akapewa tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya fizikia.

Tumeianza makala yetu na pete hiyo kwa sababu mazungumzo ya mabinti wa siku hizi yanaturudisha hapo hapo, kwenye pete na mionzi. Binti amemaliza kidato cha nne, amefaulu sayansi. Hospitali iliyo karibu na kwao inasema iko tayari kumlipia masomo ya stashahada ya radiografia, awe mteknolojia wa mionzi, kwa sharti kwamba akimaliza arudi aitumikie. Na wakati huo huo posa imeshaletwa. Wazee wanauliza: asome kwanza au aolewe kwanza? Mchumba anauliza: hiyo mionzi haitamdhuru asizae? Bibi anauliza: tangu lini watoto wetu wakasomeshwa na hospitali?

Swali la bibi ndilo tunalotaka kuanza nalo, na tutalijibu kwa kwenda mbali kidogo na kisiwa chetu, mpaka Masasi na Newala, kusini ya Tanzania Bara, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde na miamba iliyo chini yake. Huko mabinti wamekuwa wakisomeshwa na hospitali kwa miaka mingi, na mengi yanayowasumbua mabibi harusi wa leo yalishawasumbua wenzao wa huko zamani.

Msafara ulioanzia Unguja

Kwa watu wa Unguja, Masasi haiko mbali kama ramani inavyoonyesha. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Waingereza iliyojulikana kwa herufi zake UMCA aliondoka hapa kisiwani na kundi la watu waliokombolewa utumwani, waliokuwa wakiishi chini ya misheni. Walishuka Lindi, wakapanda kwa miguu kuelekea magharibi. Nia yao ilikuwa kufika nchi za Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walitekwa. Walipofika kwenye miamba mikubwa ya Masasi wakaona ardhi ni nzuri na maji yapo, wakakaa. Kwa hivyo baadhi ya mabibi wa kwanza wa kijiji kile cha misheni walikuwa wameshaonja maisha ya Unguja kabla ya kuiona Masasi.

Mwaka 1882 kijiji hicho kilivamiwa na Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara. Watu wakauawa, wengine wakatekwa. Baada ya hapo wamisionari walihamishia makao yao Newala, kwa Matola, kiongozi wa Wayao aliyekuwa na nguvu kwenye uwanda wa juu. Tangu wakati huo Masasi na Newala zimekuwa kama dada wawili: mmoja yuko bondeni, mwingine juu ya mlima, na habari za huyu haziwezi kuelezwa bila ya yule.

Dini yetu nayo ilikuwa inapanda kutoka pwani kwa njia zile zile za misafara. Walimu na wafanyabiashara wa Kilwa, Lindi na Mikindani walikuwa na ndugu na wateja huko ndani, na baada ya vita vya Majimaji vya 1905 Uislamu ulienea kwa kasi vijijini. Vyuo vya Qur'ani vilifunguliwa chini ya miembe na kwenye baraza za nyumba. Ukoo mmoja uliweza kuwa na Fatuma na Agnes, mtu na mdogo wake, kila mmoja na kitabu chake, na wote wakakutana kwenye ngoma ya unyago ya binti yao.

Hospitali za udongo na nyasi

Mwaka 1906 watawa Wabenediktini kutoka Ujerumani walianzisha misheni Ndanda, katika njia ya Lindi na Masasi. Huko ndiko ilikokulia Hospitali ya Mtakatifu Benedikto, ambayo mpaka leo ni miongoni mwa hospitali kubwa za kusini. Mmoja wa madaktari wake waliokumbukwa kwa muda mrefu alikuwa mwanamke, Sista Thekla Stinnesbeck. Upande wa UMCA, dayosisi ya Masasi iliundwa 1926 chini ya Askofu Vincent Lucas, na huduma za tiba zikapanuka Masasi, Newala na Lulindi. Huko nako alikuwapo daktari mwanamke, Dk. Frances Taylor.

Mwaka 1935 alifika daktari kijana wa Kiingereza, Leader Stirling. Alifanya kazi Lulindi kwa miaka kumi na minne, katika hospitali iliyojengwa kwa miti na udongo na kuezekwa kwa nyasi, akipasua wagonjwa huku akiwa na vifaa vya kubahatisha. Aliandika habari za miaka hiyo katika kitabu chake *Bush Doctor*, kilichotoka 1947. Baadaye alihamia misheni ya Mnero, upande wa Nachingwea, na akawa raia na mbunge. Mtu huyu tutamkuta tena mbele.

Hospitali za namna hii hazikuweza kusubiri wauguzi watoke Ulaya. Meli ilichukua wiki nyingi, fedha hazikuwapo, na mgonjwa alitaka kusemeshwa kwa lugha yake. Wakaanza kuwafundisha vijana wa hapo hapo. Mtindo ulikuwa ni wa kujifunza kazini: mwanafunzi analala bweni la hospitali, anakula chakula cha hospitali, mchana yuko wodini, na masomo ya ubaoni yanafuata kazi ikipungua. Ada hakulipa kwa fedha, aliilipa kwa mikono yake. Hiyo ndiyo asili ya "kusomeshwa na hospitali" huko, na bibi anapouliza tangu lini, jibu ni: tangu kabla yeye hajazaliwa.

Lakini tuseme ukweli wote. Mlango wa kuingilia haukuwa sawa kwa kila binti. Ili ufundishwe uuguzi ilibidi kwanza ujue kusoma na kuandika kwa herufi za Kizungu na kuhesabu, na skuli zilizofundisha hayo kwa wasichana zilikuwa za misheni. Mzazi Muislamu wa Newala alikuwa na hofu yenye sababu: akimpeleka mwanawe bweni la misheni, atarudi na jina lile lile alilompa? Wengi waliona bora abaki chuoni na nyumbani. Kwa hivyo sare nyeupe ya muuguzi ikaanza kuonekana kama vazi la Kikristo, wakati katika taarikh yetu mwanamke wa mwanzo kujulikana kwa kutibu majeruhi ni sahaba Rufaida al-Aslamiya. Hema lake lilisimamishwa msikitini Madina, na humo ndimo alimotibiwa Sa'd bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq. Kazi ilikuwa yetu tangu mwanzo. Kilichokosekana Newala ni skuli ambayo mzazi Muislamu angeiamini.

Unyago, ndoa na bweni

Kulikuwa na mlango wa pili, na huu uliwabana mabinti wa dini zote. Kwenye uwanda wa Makonde, na kwa Wamakua na Wayao wa bondeni, binti akivunja ungo huingizwa unyagoni. Anapata somo wake, anafundishwa usafi, adabu, maneno ya ndoa na namna ya kukaa na wakwe. Akitoka amepambwa, kijiji kizima kinajua kwamba mwanamke mpya amepatikana, na posa hazichelewi. Misheni yenyewe iliona haiwezi kushindana na jambo hilo. Askofu Lucas alijulikana mpaka Ulaya kwa kulitengeneza jando liingie kanisani, na kwa wasichana nako yakafanywa mafunzo ya namna hiyo chini ya wanawake wa misheni.

Sasa fikiria hesabu ya wakati ule. Binti katoka unyagoni, ana miaka kumi na minne au kumi na mitano. Hospitali inamtaka kwa miaka mitatu au zaidi akiwa hajaolewa. Familia inaona miaka hiyo ni ya mahari, ya wajukuu, ya mikono shambani. Na akiolewa, kazi mara nyingi iliishia hapo, kwani hata Uingereza kwenyewe wanawake wa utumishi wa serikali walilazimika kuacha kazi wakiolewa mpaka sharti hilo lilipofutwa 1946. Kwa hiyo binti wa Masasi aliyevaa sare alikuwa amechagua, au amechaguliwa na wazee wake, kuahirisha ndoa katika nchi ambako ndoa haiahirishwi. Hilo linaeleza kwa nini hospitali nyingi ziliona ni rahisi kufundisha vijana wa kiume.

Wanawake wa mwanzo katika mionzi

Wakati hayo yanatokea kusini mwetu, kazi ya eksirei ilikuwa imeshapata wanawake wake huko nje, na wao pia walisomea hospitalini au kazini.

San Francisco, Marekani, Elizabeth Fleischman alifungua chumba chake cha eksirei 1897, mwaka mmoja tu na kitu tangu habari za Röntgen zienee. Aliwapiga picha askari waliorudi na risasi mwilini kutoka vita vya 1898, na jeshi likamsifu. Wakati ule hakuna aliyekuwa akijikinga, na wapigaji walijaribu mashine kwa kuweka mikono yao wenyewe mbele yake. Fleischman alipata saratani, akakatwa mkono, na akafariki 1905.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Marie Curie alitengeneza magari yaliyobeba mashine za eksirei mpaka karibu na uwanja wa mapigano, na binti yake Irène akafanya naye kazi angali msichana. Madereva na mashine vilipatikana, wapigaji picha hawakutosha. Mwaka 1916 Curie akaanza kuwafundisha wanawake mjini Paris, katika mafunzo yaliyounganishwa na hospitali-skuli iliyoitwa kwa jina la muuguzi Edith Cavell. Wanafunzi wake walikuwa kiasi cha 150, wengine wauguzi na wengine wanawake wa kawaida wasiokuwa na elimu kubwa. Walifundishwa umeme, maumbile ya mwili na kazi ya chumba cha giza kwa wiki chache, kisha wakatumwa. Curie alifariki 1934 kwa maradhi ya damu, na Irène akafariki 1956 kwa saratani ya damu.

Mwaka 1936 huko Hamburg uliwekwa mnara wenye majina ya watu zaidi ya mia moja na nusu waliokufa kwa ajili ya kazi hii, watawa wa kike wakiwemo. Kanuni zote za kujikinga ambazo mteknolojia wa leo anafundishwa zimetoka kwenye miili ya watu hao. Mchumba anayeogopa mionzi haogopi hewa tupu. Ila anaogopa kazi kama ilivyokuwa mwaka 1900, na tutamweleza tofauti yake hapo chini.

Maji ya Newala

Kwa nini basi eksirei ilichelewa kufika na kutulia katika hospitali ndogo za uwanda wa juu? Sababu mbili, maji na umeme.

Filamu ya eksirei ya zamani ilisafishwa kwa maji. Mpigaji anaingia chumba cha giza chenye taa nyekundu hafifu, anaitoa filamu ndani ya kaseti, anaitumbukiza kwenye dawa ya kuitoa picha kwa dakika kama tano, dawa ikiwa na joto la nyuzi 20 hivi. Anaisuuza, anaitia kwenye dawa ya kuikaza picha isipotee, kisha anaiosha kwa maji yanayotiririka kwa muda mrefu zaidi, ndipo anaianika. Ikioshwa kwa haraka, inageuka manjano na kuharibika. Dawa ikipata joto, picha inakuwa nyeusi na haisomeki. Kila mgonjwa ni ndoo za maji.

Na Newala maji ndiyo yaliyokuwa mtihani mkubwa. Mchanga wa juu ya uwanda hunywa mvua yote, mito na chemchemi ziko chini ya mteremko. Vizazi kwa vizazi wanawake walishuka bondeni na mitungi na kupanda nayo kichwani, mwendo wa saa nyingi kwa siku wakati wa kiangazi. Katika miaka ya 1950 ndipo ulipoanzishwa mradi mkubwa wa kusukuma maji kutoka bondeni, upande wa Kitangari, kuyapandisha juu. Binti aliyekuwa na nusu ya siku njiani kufuata maji hakuwa na nusu ya siku ya kusoma. Na hospitali iliyohesabu ndoo za wazazi waliojifungua isingeweza kumwaga ndoo kwenye filamu bila kufikiri mara mbili.

Umeme nao ulikuwa wa jenereta. Dizeli ikikwama njiani wakati wa masika, mashine inafunikwa shuka. Gesi ya Mnazi Bay ilipoanza kuzalisha umeme Mtwara katika miaka ya 2000, ndipo kusini ilipoanza kupata umeme wa kutegemewa zaidi.

Baada ya uhuru

Uhuru wa 1961 uliikuta Tanganyika na madaktari wazalendo ambao idadi yao inasemwa haikuzidi kumi na wawili. Kilichofuata kilibadilisha mlango ule wa kwanza tulioutaja. Azimio la Arusha lilikuja 1967. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitia skuli za misheni mikononi mwa serikali, na mzazi Muislamu wa Newala akaweza kumpeleka binti skuli bila kuhofia jina lake. Elimu ya msingi kwa wote ilitangazwa na kutekelezwa katika miaka ya 1970, na hospitali kadhaa za misheni zikawa hospitali za wilaya au zikashirikiana na serikali. Masasi na Newala zikapata vyuo vya mafunzo ya afya vya serikali.

Miaka hiyo hiyo vita vya ukombozi wa Msumbiji, kuanzia 1964 mpaka 1974, vilikuwa ng'ambo tu ya Ruvuma. Wakimbizi walivuka kuja Masasi na Newala, na majeruhi pia. Chama cha FRELIMO, chenye kambi yake kubwa Nachingwea, kiliunda kikosi cha wanawake 1967, na kikawa na hospitali yake Mtwara. Watu wa uwanda wa juu wakawaona wanawake wa Kimakonde kama wao, wengine Waislamu, wakibeba majeruhi na kufunga vidonda. Picha ya mwanamke anayefanya kazi ya hospitali haikuwa ngeni tena.

Mwaka 1975 yule daktari wa hospitali ya nyasi, Leader Stirling, akawa Waziri wa Afya wa Tanzania mpaka 1980. Ni kipindi cha zahanati za vijijini na vyuo vya kufundisha watumishi wa afya kwa wingi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika miaka ya 1970 na 1980, lilikuwa linabuni mashine nyepesi ya eksirei kwa hospitali ndogo, inayoweza kutumia betri na kuendeshwa na mtu aliyefundishwa kwa muda mfupi. Wazo lilikuwa zuri, ila mashine bila mtu ni kabati la chuma.

Na mtu alipatikana mbali. Skuli za radiografia zilikuwa Muhimbili, Dar es Salaam, na baadaye Bugando, Mwanza, katika hospitali iliyofunguliwa 1971. Kutoka Masasi mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita 600, na kabla ya Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji kufunguliwa 2003, wakati wa mvua safari hiyo ilikuwa ya siku kadhaa, kivuko na matope. Daraja lilipewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwenyewe mtoto wa Lupaso, Masasi, aliyesoma Ndanda. Taasisi yenye jina lake, iliyoanzishwa 2006, imepeleka watumishi wa afya kwa mkataba katika wilaya zilizokuwa ngumu kufikika.

Ndiyo maana hospitali za kusini zilirudia dawa yao ya zamani: kumtafuta kijana wa hapo hapo, kumlipia masomo mbali, na kumfunga kwa mkataba arudi. Aliyekulia Newala hashtuki na baridi ya Newala wala umbali wake. Na tangu fedha za kupambana na UVIKO-19 zilipoingia 2021, mashine za kisasa zimeongezeka katika hospitali nyingi za nchi. Mashine za kidijitali hazitaki chumba cha giza wala ndoo za maji. Mikono yenye elimu zinaitaka pale pale.

Mionzi na uzazi

Sasa tumjibu mchumba. Mwaka 1956 daktari mwanamke wa Uingereza, Alice Stewart, alitaka kujua kwa nini watoto wadogo walikuwa wanakufa kwa saratani ya damu. Alikwenda kuwauliza mama zao. Akagundua kwamba waliopigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito walikuwa miongoni mwao zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Wakubwa wa taaluma walimbishia kwa miaka mingi, mwisho wakakubali. Kwa sababu hiyo dada anayekupiga picha leo anakuuliza siku zako za mwisho zilianza lini. Usimwonee haya na usimdanganye, hata kama mama mkwe yupo mlangoni. Omba mumalize swali hilo faragha. Na kwa kumwangalia mtoto tumboni kuna altrasaundi, inayotumia mawimbi ya sauti na haina mionzi ya namna hiyo.

Kwa anayefanya kazi, kinga zake ni tatu: muda mfupi, umbali, na kizuizi. Ukienda mara mbili ya umbali kutoka kwenye chanzo, mionzi inayokufikia inabaki robo. Mpigaji husimama nyuma ya ukuta wenye risasi, na akilazimika kuwa karibu huvaa aproni ya risasi. Kifuani ana beji ndogo inayorekodi mionzi aliyoipata. Kiwango cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Mfanyakazi mjamzito akishatoa taarifa, mtoto aliye tumboni anapaswa kulindwa asizidishe milisiveti 1 kwa muda wa mimba uliobaki. Tanzania ilitunga sheria ya kusimamia mionzi 1983, na ile ya 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomu. Wanataaluma wenyewe wana baraza lao kwa sheria ya 2007. Kwa hiyo bi harusi anayeanza kazi hii aulize mapema: beji zipo, na majibu yake yanasomwa? Akishika mimba, atapangiwa zamu gani?

Na kuna jambo la stara, ambalo kwetu ni kubwa. Kupigwa eksirei ya kifua au ya nyonga kunataka uvue, upangwe, uguswe. Wanawake wengi huahirisha kipimo kwa sababu chumbani yuko mwanamme peke yake, na kifua kikuu au uvimbe wa titi hausubiri. Kila binti wetu anayesomea kazi hii anawaondolea haya wanawake wa mtaa mzima.

Mikataba miwili

Historia ya Masasi na Newala inatuonyesha kwamba hospitali inapokusomesha inaingia katika maisha yako kama mkwe. Ina haki yake, nawe una haki zako, na ugomvi huanza pale ambapo mambo hayakusemwa mapema. Zamani bweni na ndoa vilishindana na mmoja akashindwa, mara nyingi binti. Leo si lazima iwe hivyo, maana kuna karatasi.

Stashahada ya radiografia ni ya miaka mitatu, na huombwa na aliyefaulu kidato cha nne pamoja na fizikia, kemia na baiolojia. Kabla hujasaini mkataba wa ufadhili, soma nawe pamoja na baba au kaka maneno haya: nitatumikia miaka mingapi, na kuanzia lini? Nikiondoka mapema narudisha kiasi gani, na nani mdhamini? Mume akihamishwa, naweza kumalizia hospitali nyingine? Nikijifungua katikati ya masomo, nafasi yangu inabaki? Kwa aliyeajiriwa Bara, sheria inatoa siku 84 za likizo ya uzazi kwa malipo. Uliza kama mkataba wako unaihesabu miezi hiyo ndani ya miaka ya kutumikia.

Kisha ichukue karatasi hiyo uende nayo kwenye mazungumzo ya posa. Mwambie walii, mwambie mchumba kwa ulimi wa walii: huyu binti ana deni la miaka mitatu au minne ya kazi mahali fulani. Ana zamu za usiku. Ana mshahara, nao ni mali yake. Mtume (SAW) amesisitiza kwamba masharti ya ndoa ndiyo yanayostahiki zaidi kutekelezwa, kwa hiyo yasemwe kabla ya akdi na mashahidi wayasikie. Kama kuna sharti linalotia shaka, kadhi yupo, aulizwe yeye kabla ya sherehe. Mchumba akikubali, amekubali akiwa na macho mawili. Akikataa, bora ajulikane sasa kuliko baada ya fungate.

Yule bibi wa Newala aliyepanda mteremko na mtungi hakuulizwa anataka kusoma nini. Mjukuu wake anaulizwa, na mara nyingi ana siku chache tu za kujibu. Asiharakishwe na hospitali, wala asiharakishwe na wapambaji wa harusi. Akae na wazazi wake, aswali istikhara, azisome karatasi zote mbili neno kwa neno, ndipo atie saini.

Wabillahi tawfiq.